Mlango Uliopenda Majivu

Kila jioni, kabla sijarudi nyumbani, nilichota majivu kidogo kwenye jiko langu la karanga, nikayalowesha kwa maji ya chupa, nikajipaka usoni. Nilianza chini ya macho, nikashuka kwenye mikunjo ya mdomo, nikamalizia na paji la uso. Wanawake wenzangu pale soko la Majengo walijipodoa asubuhi waende kazini. Mimi nilijipodoa jioni ili niende kulala.

Siku ninayoianzia, nilifika Nyumba ya Hifadhi jua likiwa bado halijazama, nikasimama mbele ya mlango na kulitazama jicho la kioo lililo juu ya kitasa. Taa ikawaka njano, maana yake mlango unafikiri.

"Sura haijulikani," ukasema kwa ile sauti yake ya upole, ya mtu wa mapokezi asiye na haraka na shida yako.

Nikavuta mashavu ndani. Nikainamisha kichwa, nikajitahidi kukumbuka njaa. Ni kazi kukumbuka njaa ukiwa umetoka kula ugali na mlenda, lakini nilikwishajifunza. Niliufikiria ule mwezi tuliokuwa tunagombea maganda ya ndizi nyuma ya stendi, na mdomo ukalegea wenyewe. Taa ikageuka kijani.

"Karibu, Sechelela."

Msije mkadhani nalalamika. Kabla ya mlango ule nilikuwa nalala kwenye baraza la stesheni ya treni, na aliyewahi kulala barazani Dodoma mwezi wa saba anajua kuwa upepo wa kule hauna adabu, unaingia ndani ya nguo bila hodi. Miaka hiyo visima vilikuwa vimekauka, na maji ya mji yalitoka kwenye mapaa yaliyonyonya umande wa alfajiri. Kila kitu chenye thamani kilikuwa na mlango na kila mlango ulikuwa na jicho. Bomba lilikutazama kabla ya kutiririka. Zahanati ilikutazama. Hata choo cha stendi kilikutazama usoni, jambo ambalo Mzee Ndahani, jirani yangu wa barazani, alisema ni kukosa heshima. Ambaye sura yake haikuwemo kwenye hazina ya mji, yaani kumbukumbu ya sura zote, hakuwa na pa kuingia, na sisi tuliokimbia ukame vijijini bila hata karatasi moja hatukuwemo.

Kwa hiyo usiku wa kwanza mlango uliponiita kwa jina langu, nililia mpaka msimamizi akadhani naumwa. Shukrani ile haijaniisha hadi leo.

*

Aliyenitia kwenye hazina ni Chiduo, mpiga picha wa Mfuko wa Walezi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, na tofauti na wapiga picha wengine waliotupitia pale barazani, yeye aliamkia kwanza. Alichuchumaa, akasema shikamoo, akaniuliza jina langu na maana yake. Nikamwambia kwa Kigogo maana yake ni furahi. Akatazama blanketi langu, akatazama uso wangu, na mimi nikamcheka.

Alinipiga picha moja tu. Kisha akakaa chini kando yangu, akaweka mapajani ubao wake wa kioo, akaanza kazi yenyewe. Mashine iliitwa Mkolezo. Ilikuwa na kitufe kimoja cha duara cha kuzungusha. Kulia unakoleza, kushoto unalainisha. Chiduo alizungusha kulia taratibu, na mimi nikajiona nazeeka. Mikunjo yangu ikazama kama mitaro ya mvua. Vumbi la shavuni likawa tope. Macho yakapata maji ambayo sikuwa nayo, kwani siku hiyo sikuwa nalia, nilikuwa na usingizi tu. Nyuma yangu ukuta wa stesheni ukawa mweusi kama masizi.

Nikamuuliza huyo ni mama yangu au ni nani. Akanijibu kwamba ni mimi, ila nimekolezwa, kama chai. Akanieleza bila kuficha. Walezi walikuwa watu wa miji mbalimbali wenye kuta za nuru majumbani, na kwenye kuta hizo picha zetu zilipita moja moja jioni wakati wa chai. Mtu akiguswa na sura, anaisimamisha, na kuanzia hapo anakuwa mlezi wake. Picha zisizokolezwa zilikuwa zinapitwa. Wanawake watatu wa kwanza aliwaacha kama walivyo, na wote watatu walikuwa bado wako stendi.

"Mama, sikudanganyi," aliniambia. "Hii ndiyo inayofungua mioyo."

Na mioyo ilifunguka. Kabla mwezi haujaisha nilipata mlezi, Eufrasia Mkude wa Morogoro. Mfuko ulinipa kitanda, blanketi jipya, dawa ya macho na picha ya mlezi ya kutundika juu ya kitanda. Alikuwa msichana mzuri ajabu, ngozi laini kama yai lililomenywa, nywele zimemlala vizuri. Yeye mwenyewe, kwa hiari yake, alinitumia kwa treni hotipoti ya bluu yenye ufa kwenye mfuniko, imejaa mchele wa Kilombero.

Mchele niliula. Hotipoti ilibaki, na ndiyo iliyoninyima raha. Nilikolelewa mimi, mtu akikuletea chakula kwenye chombo chake, unakiosha na kukirudisha na kitu ndani, hata kama ni yai moja tu. Na unakipeleka mwenyewe, anakuona uso. Lakini Mfuko ulikataza tusikutane na walezi wala kuwaandikia. Hivyo kila asubuhi niliisalimia ile picha, nikaiita mwanangu, nikaiahidi kwamba hotipoti yake ipo na siku moja itarudi.

*

Shida ilianza tulipopona. Ukilala pakavu na kula mara mbili, mashavu yanarudi yalikotoka. Macho yangu yaliacha kuvimba. Nilipata jiko, chungu na mchanga wa kukaangia karanga, nikapata wateja wa kutaniana nao, na mtu anayetaniana mchana kutwa hawezi kubaki na sura ya msiba. Siku moja mlango ukasita. Kesho yake ukasita zaidi. Sura iliyokuwemo kwenye hazina ni ile aliyoitengeneza Chiduo, maana ukuta wa mlezi na mlango wa kwetu vilikula chungu kimoja: picha moja iliyomaliza kukolezwa ndiyo iliyohifadhiwa, na ile ya kwanza, ya mimi mwenyewe, ilitupwa siku ileile.

Nilimwendea msimamizi wetu Nyendo, mama mkali aliyekuwa anajua kanuni zote kwa kichwa. Akanisomea kanuni. Sura ya mkazi haibadilishwi na msimamizi, kwa sababu zamani watu walibadilisha sura ili kuuziana vitanda. Kumfungulia kutoka ndani mtu ambaye mlango haumjui ni kosa, na aliyefungua na aliyefunguliwa wote wanapoteza vitanda vyao. Kisha akageuka dirishani, akasema kama mtu anayeongea na pazia kwamba kwenye jiko la karanga huwa kuna majivu.

Ndivyo tulivyojifunza. Baada ya muda, ungepita nje ya Nyumba ya Hifadhi saa ya kurudi ungedhani ni kundi la waigizaji. Mmoja anajipaka majivu, mwingine anavuruga nywele alizosuka kwa taabu, mwingine anavaa koti bovu juu ya gauni safi. Mzee Ndahani, aliyekuwa amepewa meno ya bandia na zahanati, aliyatoa mdomoni kila jioni, akayatia mfukoni mwa shati, akaingia na mapengo yake, na akifika ndani anayavaa kabla ya kula. Tulicheka sana. Kila aliyekuwa anapona alilazimika kurudi siku yake mbaya kuliko zote ili apate kulala, na sisi tulicheka, maana njia nyingine hatukuwa nayo.

*

Mzee Ndahani aliharibu mchezo kwa kushukuru. Ilikuwa Jumapili ya mavuno. Alisema hana shamba wala mbuzi wa kupeleka madhabahuni, lakini ana mwaka mzima hajalala nje, na hilo nalo ni zao. Akaenda kwa kinyozi akanyoa ndevu zote. Akaazima koti. Akavaa meno yake, tukaenda kanisani pamoja, na mzee yule akaimba mpaka watu wa benchi la mbele wakageuka. Nilimtazama nikaona mtu ambaye sijawahi kumwona. Kumbe alikuwa na kidevu.

Tuliporudi, mlango ulimkataa. Akatoa meno. Ukamkataa. Nikampaka majivu, lakini kwenye shavu lililonyolewa majivu hayakai, yanaonekana ni majivu tu. Baada ya kumkataa mara kadhaa jicho likamfungia mpaka asubuhi, kama kanuni inavyotaka kwa mtu anayejaribu kujipenyeza. Mimi ningeweza kuingia. Sikuingia. Nyendo alisimama upande wa pili wa kioo akitutazama, mkono umefika kwenye kitasa cha ndani na kurudi. Simlaumu, alikuwa na watu wengi nyuma yake wa kuwalinda. Alitupitishia mablanketi mawili dirishani, nalo lilikuwa kosa pia.

Alfajiri kifua cha Mzee Ndahani kilikuwa kinapiga filimbi. Nilimpeleka zahanati, na jicho la zahanati, lililokuwa linasoma hazina ileile, likasema halimjui. Chiduo ndiye aliyekuja akamdhamini kwa sura yake mwenyewe mpaka wakampokea. Mzee alikuwa anatetemeka, nimemshika mkono, na alichosema kilinikaa moyoni.

"Nilikwenda kumshukuru Mungu tu, mama," alisema. "Sikwenda kuiba."

*

Nilimfuata Chiduo kwenye chumba chake cha kazi. Alikuwa amekaa mbele ya ubao wa kioo, macho mekundu, na sikwenda kumgombeza. Nilimwambia kwanza asante, kwa sababu bila yeye mimi na Mzee Ndahani tungekuwa tumeshakufa barazani siku nyingi, na mtu aliyekuokoa humwanzii na lawama. Kisha nikamwambia anipige picha upya, kama nilivyo.

Alinieleza kinachoweza kutokea, na alinieleza kwa heshima. Sura ya mkazi iliweza kubadilishwa kwa njia moja tu, mkazi mwenyewe aombe na mlezi akubali. Siku ya maombi, sura ya zamani inafutwa ili kitanda kimoja kisiwe na sura mbili. Sura mpya inakwenda kwenye ukuta wa mlezi na kungoja. Mlezi asipokubali, kitanda kimekwenda. Akasema mlezi aliyezoea kulia mbele ya picha fulani hataki kuamka akute mtu mwingine anamchekea ukutani, ataona amelaghaiwa. Na mlezi mmoja akilalamika, wakuu wa Mfuko watazikagua picha zote.

"Hapo si kitanda chako peke yako, mama," alisema. "Nyumba nzima inategemea picha hizi. Mimi nazichukia siku hizi, lakini zimewalaza watu ndani."

Alisema kweli. Jioni ile nikawaambia wenzangu pale bombani, mbele ya Nyumba, kila mmoja ameshika majivu yake. Wengine walisema niende. Maluga, aliyelala kitanda kinachofuata changu na aliyekuwa na kidonda cha mguu kilichokuwa ndiyo kwanza kinafunga, alinijibu bila kuinua macho kwamba majivu hayamuumi, kinachomuuma ni baridi.

Nilikesha na jambo hilo. Nilijiambia kwamba nikikaa kimya, Maluga atalala ndani mwaka huu na mwaka ujao, kidonda kitapona, atanenepa, na siku moja atakwenda mahali kushukuru akirudi akute mlango umefungwa. Nikajiambia pia kwamba huenda najidanganya ili nipate ninachotaka mimi, yaani kurudisha chombo cha watu. Mambo yote mawili yalikuwa kweli. Nilichoweza kufanya ni kuanza na kitanda changu, na kuomba kwa sababu ambayo haikuwa uongo kwa mtu yeyote: kwamba nimepona.

Asubuhi nilinawa uso kwa sabuni. Nikakaanga karanga, nikaijaza hotipoti ya bluu mpaka juu, nikaipakata, nikakaa mbele ya Chiduo. Akapiga. Picha ikaja kwenye ubao, na mkono wake ukaenda kwenye kile kitufe cha duara wenyewe, kwa mazoea. Ukakaa pale. Kisha akauondoa akautia mfukoni.

Nilijitazama. Nilikuwa mwanamke mnene kiasi, wa makamo, mwenye jino moja lililopinda na karanga mapajani. Sikuwa wa kumliza mtu yeyote. Nilipendeza.

*

Mlango ulinisahau siku hiyohiyo. Nilirudi kulala barazani kwa hiari yangu, nikiwa na blanketi zuri safari hii, na mchana nilihamishia jiko langu mbele ya Nyumba ya Hifadhi ili niwe karibu endapo jibu litakuja, na hotipoti nikaijaza karanga mpya kila siku. Jibu halikuja. Chiduo alipita kila siku na kutikisa kichwa. Maluga alipita akinipa chumvi ya karanga. Mzee Ndahani aliruhusiwa kutoka zahanati ndevu zikiwa zimeanza kuchipua, mlango ukamkubali kwa kusitasita, na kila jioni alikuja kukaa nami kidogo kabla ya kuyatoa meno. Nilianza kuamini kuwa nimekosea. Nililia mara moja, nikasingizia moshi.

Jioni moja, watu walipokuwa wanarudi, alikuja bibi mmoja akitokea upande wa stesheni. Alikuwa na fimbo, miguu imemvimba ikajaa kwenye viatu, na uso umekunjamana hata macho yakawa hayaonekani vizuri. Alinipita bila kunitazama, akaenda moja kwa moja mlangoni, akapiga hodi kwa mkono kama mtu wa zamani.

"Sura haijulikani," mlango ukasema.

Bibi akauambia mlango kwamba amesafiri tangu asubuhi. Mlango ukarudia maneno yake. Akauambia kwamba yeye ana haki kabisa ya kuingia pale kuliko watu wengi. Ukarudia. Sauti yake ikaanza kupanda, nami nikamwonea huruma, nikanyanyuka kwenye kigoda.

"Shikamoo, mama," nikasema. "Usihangaike nao. Na mimi haunijui."

"Marahaba," akajibu, na akageuka kunitazama. Hakunijua. Macho yake yalishuka usoni pangu, yakapita, yakafika kwenye hotipoti iliyokuwa kando ya jiko, yakabaki hapo muda mrefu.

"Hiyo ni yangu," akasema polepole. "Huo ufa aliutia marehemu mume wangu, aliiangusha siku ya Pasaka. Wewe umeipata wapi?"

Nilifikiria yule msichana wa juu ya kitanda, ngozi ya yai, nywele zimelala. Nikafikiria kile kitufe cha duara, kulia kukoleza, kushoto kulainisha, na jinsi nilivyokiona siku ya kwanza nisijiulize upande wa kushoto ni wa nani.

"Wewe ni Eufrasia?" nikauliza.

"Ndiye mimi. Na wewe usiniambie kwamba ndiye Sechelela."

Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani kwa zaidi ya mwaka, na kila mstari ulianza na mwanangu. Yote ikanipotea. Tukabaki tunatazamana pale mlangoni, vikongwe wawili watarajiwa, mmoja ameshafika na mwingine yuko njiani, na hakuna kati yetu aliyekuwa ndiye yule wa kwenye picha.

Nilimpa kigoda changu, akakaa, akanyoosha miguu. Akanisimulia kwamba Mfuko ulipomwomba picha alituma ya kwake halisi, wakamrudishia ile ya msichana waone kama anaipenda. Akasema alimkumbuka binti yule, alikuwa hajamwona miaka mingi, akashindwa kumkataa. Kisha akatazama chini. Mwaka mzima alikuwa ananiona ukutani saa ya chai, mimi wa majivu na machozi, ananiombea kwa jina. Asubuhi moja akanikuta nimenenepa, nimepakata vyombo vyake, natabasamu, akaona ni mtu mwingine, asitake kunitazama mara ya pili.

"Nimekuja na hasira zangu tangu Morogoro," alisema. "Nilitaka kumwuliza mtu machozi yangu yamekwenda kwa nani. Nimeyapanga maneno treni nzima. Halafu mlango ukaniambia na mimi si mimi. Sasa nitamgombeza nani?"

Wenzangu walikuwa wamesimama bombani na majivu yao mikononi, wanasikiliza. Nilimwona Maluga. Nikajua hapa ndipo kitanda chake na changu vilipo, na sikuwa na ujanja wowote wa kutumia. Niliichukua hotipoti, nikaipangusa kwa khanga, nikapiga magoti nikampa kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa nyumbani.

"Machozi yalikuja kwangu," nikamwambia. "Niliyala, yakawa mchele, yakawa dawa ya macho, yakawa haya mashavu unayoyaona. Yule wa ukutani alikuwepo, mama, ila alikolezwa kidogo, na wewe umemtoa barazani. Asante kwa kitanda. Asante kwa kunifanya hivi, mpaka mlango wenyewe haunijui."

Alifungua mfuniko. Karanga zilikuwa bado za moto, harufu ikapanda. Akachukua moja akaitafuna, kisha ya pili, na sikuweza kusoma uso wake, maana ulikuwa na mikunjo mingi na yote ilikuwa ya kweli. Akaniambia chumvi imezidi. Halafu akatoa simu kwenye mkoba, akaiweka mbali na macho, akaniuliza ni wapi pa kugusa mtu akitaka kukubali sura mpya. Nikamwonyesha. Akagusa kwa kidole, akaishika simu vilevile mpaka ikalia.

Nikasimama mbele ya jicho la kioo na uso mtupu. Sikuvuta mashavu. Sikukumbuka chochote. Taa haikupita hata kwenye njano.

"Karibu, Sechelela," mlango ukasema, nikalia tena kama siku ya kwanza.

Bi Eufrasia alisema kuwa walezi wa Morogoro hukutana nyumbani kwake kila mwisho wa mwezi na kwamba wana mengi ya kusikia, na kama wapo watakaonuna, basi wanune wakiwa wameshajitazama kwenye kioo. Hakuahidi zaidi ya hapo, na mimi sikumwomba zaidi. Akauliza kama kuna mtu anayeweza kumpiga picha yeye mwenyewe, ya sasa, ili mlango umpokee apate kwenda msalani. Chiduo alikuwa ameshafika, amesimama nyuma ya watu. Akampiga na miguu yake iliyovimba na fimbo yake, na kile kitufe hakukigusa.

Maluga alibaki bombani na majivu mkononi, hajayapaka wala hajayatupa. Mzee Ndahani alimpita taratibu, akafungua maji, akanawa uso mpaka shingoni. Akatoa meno kwenye mfuko wa shati, akayasuuza, akayavaa. Kisha akaja akakaa ngazini mbele ya mlango, mahali ambapo jicho lilikuwa linamwona vizuri kabisa, akanyoosha kiganja kwa Bi Eufrasia na kuomba karanga.